Piano ya Clara, Ndovu wa Kilombero

Mpiga piano Clara Schumann alipanda jukwaani Leipzig, Ujerumani, mwaka 1828, akiwa na miaka 9. Onyesho lake la mwisho hadharani lilikuwa Frankfurt mwaka 1891. Alizaa watoto wanane. Mumewe alipofariki mwaka 1856, piano ndiyo iliyowalisha.

Enzi hizo, vibonye vyeupe vya piano vilibandikwa vipande vyembamba vya pembe za ndovu, na Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe hizo kutoka bara.

Utamu wa muziki ule una deni kwa ndovu wa huku kwetu Tanzania. Ushoroba, yaani njia ya ndovu, kati ya hifadhi za taifa za Udzungwa na Nyerere unakatiza Bonde la Kilombero na barabara ya Ifakara. Mkulima anayeuachia nafasi shambani mwake anastahili kuungwa mkono na kila mpenda piano.