Uzio wa Jirani na Jani la Sale



Leo tuongelee jambo ambalo mimbarini halitajwi sana, ila linaweza kuvunja jumuiya ndogondogo nzima: mpaka. Jirani amejenga uzio, nguzo zimeingia kwenu hatua tatu. Unafanyaje?

Kwanza tusidanganyane: kusogeza mpaka ni dhambi. Kumbukumbu la Torati 19 inakataza kuondoa alama zilizowekwa na waliotutangulia. Sura ya 27 inamlaani mwenye kufanya hivyo, sambamba na anayempoteza kipofu njia na anayepotosha haki ya yatima na mjane. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba haki ni nia thabiti ya kumpa kila mtu kilicho chake. Kwa hiyo kudai hatua zako tatu si ubinafsi, wala si kukosa upendo.

Kazi ipo kwenye namna ya kudai. Mdogo wangu alinipigia simu: "Braza, leo usiku tunang'oa nguzo zote." Mama yetu ni mjane, na huyo jirani tunasali naye jumuiya moja. Nikamuuliza, "Mmeshakaa naye mkaongea?" Kimya. "Mama amemwambia nani?" Kumbe amewaambia wote, isipokuwa mwenyewe. Yaani mtaa mzima unajua kosa lake, yeye tu hajaambiwa.

Yesu katika Mathayo 18 ametupangia hatua. Mwendee ndugu yako, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Akikataa bado, liambie kanisa. Hata sheria yetu Tanzania inaanzia karibu: kijijini lipo baraza la ardhi la kusuluhisha, kabla ya kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwenda huko si kukosa imani. Ila kung'oa nguzo usiku hakumo katika hatua hata moja.

Na kunyamaza nako si msamaha. Kama kwenye Misa unamkwepa wakati wa kupeana amani, hujasamehe. Umeahirisha ugomvi tu.

Basi mama akaenda. Jirani hakukubali kosa, ila alikubali wazee waliojua mpaka waje wapime. Wamepima. Nguzo bado zipo, mazungumzo yanaendelea. Lakini mama anamsalimia, na mdogo wangu usiku analala.

Kwetu Kilimanjaro wazee walipanda masale kuonyesha mpaka wa kihamba. Jani hilohilo la sale ndilo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea anapoomba radhi. Mmea mmoja unasema "hapa ni kwangu" na unasema "nisamehe". Wazee wetu hawakuona kwamba lazima uchague kimoja, haki au amani. Na sisi tunaomfuata Kristo tusichague.

Wiki hii, kama kuna jirani unayemsema pembeni, nenda ukamwambie mwenyewe, kwa heshima. Na kabla ya kutoka, kagua uzio wa kwenu. Kama ni nyinyi mliovuka, sogezeni kabla hamjaombwa.

Ee Bwana, utujalie ujasiri wa kudai bila chuki, na unyenyekevu wa kurudisha bila kusukumwa. Amina.