Habari ya Maji ni ya Nani?

Swali langu ni hili: kama unajua maji yalifika wapi, una haki ya kunyamaza?

Sisi wa Musaga, kusini mwa Bujumbura, mto Muha tunaujua vizuri. Nyuma yetu kuna Mirwa, na nyuma yake milima inayopita mita 2,000. Mbele kuna ziwa Tanganyika, liko kwenye mita kama 774. Kati ya huku na huko hazifiki hata kilometa 30. Maji yanashuka kwa kasi, na tope na mawe yanashuka nayo. Mvua inaweza kupiga huko juu wewe chini umeanika nguo juani, halafu unasikia mto unanguruma. Huko kwetu mto haukufuriki tu, unakula ardhi. Leo unachukua choo, mwaka kesho jiko, mwaka mwingine chumba cha watoto.

Shangazi yangu alikuwa akihesabu hatua kutoka mwembe wa jirani mpaka ukingoni. Kila masika yakiisha anahesabu. Zilikuwa hatua 20, zikawa 15, zikawa 9. Hakuandika popote, aliziweka kichwani. Mwezi wa saba mmoja, kiangazi, mto umekuwa kijito cha kuchezea watoto, yule jirani akaleta mtu wa kununua kiwanja. Mnunuzi akamuuliza shangazi, "Mama, hapa maji yanafika?" Shangazi akamwambia zile hatua. Biashara ikafa palepale. Jirani akamwambia neno moja: "Unaniua mimi ili umwokoe mtu usiyemjua."

Neno lile si la kudharau. Kile kiwanja ndicho kilikuwa mali yake yote. Kwa maskini, habari ya kweli inaweza kuwa hasara kuliko mafuriko yenyewe. Tena wengi wanaogopa kwamba hesabu ikishafika ofisini, watakuja watu na rangi, wapige alama ukutani, waseme hama, bila kusema uhamie wapi. Ndiyo maana watu wanapaka chokaa juu ya mstari wa maji. Si wajinga. Wanalinda kidogo walicho nacho.

Lakini tuangalie upande wa pili. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua ilipiga Bujumbura kaskazini, Kamenge, Kinama na Buterere. Zaidi ya watu 60 walikufa. Nyumba za rukarakara ziliyeyuka kama sukari. Miaka sita baadaye, Aprili 2020, Rusizi ikaingia Gatumba na kuondoa maelfu ya watu majumbani. Jirani akiuza kiwanja chake, hatari haijaondoka. Imehamia kwa mtoto wa mtu mwingine. Kumbe ile hasara aliyoikimbia ilikuwa ikiuzwa pamoja na kiwanja, ila bei yake haikutajwa.

Kwa hiyo mimi nasema kunyamaza si haki. Ila kuandika nako kuna adabu yake. Huko Japani, kijiji cha Aneyoshi, baada ya bahari kuvamia mwaka 1933, watu walisimamisha jiwe linaloonya wasijenge chini ya hapo. Mwaka 2011 bahari ilirudi, ikaishia chini ya lile jiwe. Jiwe halikumtaja mwenye kiwanja wala halikumfukuza mtu usiku. Lilitaja mahali, likasimama pale ambapo kila mtu anapita. Tuandike maji, tusiandike mtu: siku gani, mvua ya saa ngapi, yalifika wapi, ukingo ulirudi hatua ngapi. Na wa kwanza kusomewa awe yule anayelala ukingoni, kabla ya ofisi yoyote.

Sasa hili linatuhusu sisi wa kambini moja kwa moja. Mwaka 2015 Musaga ilitoka watu wengi, na wazee waliojua mto walitoka nao. Kule viwanja vimebaki, kumbukumbu iko huku, kwenye mahema na nyumba za udongo. Tangu 2017 watu wanasaidiwa kurudi. Anayerudi hana pesa, atatafuta kiwanja rahisi, na kiwanja rahisi kiko ukingoni. Atakinunua kiangazi. Nani atamwambia?

Ndugu zetu wa mashirika, nyinyi mnajua kujaza fomu. Mnatuuliza tumekimbia nini, tuko wangapi, tunakula mara ngapi. Ongezeni swali moja: kwenu maji yalifika wapi? Na majibu msiondoke nayo tu. Yaacheni nakala hapa, kwa Kirundi na Kiswahili, anayepanda basi la kurudi aisome.

Na sisi tusingoje fomu. Ukikaa na mzee wa Musaga, wa Kanyosha au wa Kinama jioni hii, muulize ukingo ulikuwa wapi alipokuwa kijana. Chukua daftari. Shangazi yangu amezeeka, na zile hatua bado anazikumbuka.