Nasaba Haifungwi Gerezani



Mpumudde, hapa Jinja, ndipo alipofia Omukama Kabalega wa Bunyoro. Waingereza walimkamata mwaka 1899 wakampeleka uhamishoni Shelisheli. Aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 hakuifikia Bunyoro. Umauti ulimkuta hapa. Alinyang'anywa kiti, nchi na uhuru. Lakini mwaka 1902, naye akiwa bado uhamishoni, aliyekalishwa kwenye kiti alikuwa Duhaga, mwanawe wa kumzaa. Waliomfunga baba hawakuweza kuufuta ubaba wake.

Jinja hiyo hiyo ina Gereza la Kirinya. Mzazi akifungwa, jamaa na majirani huwa wepesi wa kushauri: "Mwambieni mtoto baba yake alikufa." "Mwandikisheni shule kwa jina la mjomba." Wengi husema hivyo kwa huruma. Swali ni hili: je, tuna haki hiyo?

Sharia imetenganisha mambo mawili tunayoyachanganya. La kwanza ni nasaba. Surat Al-Ahzab, aya ya 5, inatuagiza watoto wanasibishwe na baba zao, wala haikumtoa baba mwenye kosa. Nasaba ni haki ya mtoto pia: kwayo hujua mahramu zake na hurithi. Hakimu anayemfunga baba hakumhukumu mtoto, na hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine.

La pili ni hadhana, yaani ulezi wa kila siku. Huu ni amana, na huweza kuhama kwa maslahi ya mtoto. Aliye gerezani hawezi kumwogesha mwanawe wala kumpeleka madrasa, kwa hiyo bibi au shangazi akimchukua hakuna dhuluma. Dhuluma huanza pale mlezi anapojifanya mmiliki.

Katika Sahih Muslim imo habari ya mwanamke wa Ghamid aliyekiri zinaa akiwa mjamzito. Mtume (s.a.w.) alimrudisha mpaka ajifungue, kisha mpaka mtoto aachishwe ziwa, ndipo mtoto akakabidhiwa kwa Mwislamu mmoja. Adhabu ilisubiri haki ya asiye na kosa.

Sheria ya Magereza ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mfungwa mwanamke kukaa na mtoto wake mchanga hadi miezi 18, kisha mtoto akabidhiwe kwa jamaa au marafiki walio tayari kumtunza. Surat Al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha. Miezi 6 inayopungua ni robo nzima ya muda huo. Tunaweza kuijadili sheria, na wanafunzi wa sheria miongoni mwetu waijadili. Lakini sisi wengine tujiulize: siku mtoto huyo anapotolewa langoni, hao jamaa na marafiki walio tayari ni akina nani?

Mtu atauliza: je, mzazi aliyemdhuru mtoto mwenyewe? Huyo azuiliwe kumlea, hata kumwona ikibidi, kwa sababu ulezi unafuata maslahi ya mtoto. Katiba yetu, ibara ya 34, nayo imefunga haki ya mtoto kuwajua wazazi wake na kulelewa nao kwa sharti la maslahi yake. Hata hapo hatubadilishi nasaba wala hatusemi uongo. Mtoto huambiwa ukweli kwa kadiri ya umri wake.

Wajibu wetu basi ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutimiza: kumlea mtoto wa mfungwa bila kumpora jina, kumpeleka akamsalimie mzazi wake pale inapofaa, na kumpelekea mzazi habari za shule.

Kila mtoto wa madrasa hufundishwa kuwaombea wazazi wake rehema. Tuliyemwambia kwamba mama yake si wake, atamkusudia nani katika dua hiyo?

Wallahu a'lam.