Sitara na Sura

Katika kisa cha Nabii Yaakub, kama kilivyosimuliwa katika Sura ya Yusuf, mna jambo ambalo wasikilizaji wengi hulipita mbio kwa shauku ya kufika Misri kwenye maghala ya nafaka. Nalo ni kwamba mzee yule, ambaye siku alipoletewa kanzu iliyopakwa damu ya uongo alijifunga kwa subira njema, hakuweza, miaka ilipopita na msiba wa pili ukaja juu ya wa kwanza, kuuzuia mwili wake usinene. Aliwapa wanawe kisogo, akamlilia Yusuf, na macho yake yakawa meupe kwa majonzi aliyokuwa akiyameza. Wanawe walipomwonya kwamba atajimaliza, aliwajibu kwamba dhiki yake anamshitakia Mwenyezi Mungu, si wao. Ulimi, basi, ulishika adabu yake mpaka mwisho, ilhali macho yalikwisha kutoa ushahidi hadharani, wala hapana neno katika kisa hicho linalomtia hatiani kwa ushahidi huo.

Swali ninalotaka kulizungumza latoka hapo. Ikiwa si dhambi kwa uso kuyadhihirisha yaliyomo batini bila ya mwenyewe kutaka, je, ni halali kwa mtu kuketi kwa makusudi mbele ya kamera aliyoitega kwa mkono wake, akajipiga picha ya fadhaa yake, akaiacha iende machoni mwa watu asiowajua? Kwetu pwani jibu la haraka ni hapana. Tumelelewa juu ya sitara: ya uani hayatoki barazani, aliyefiwa huambiwa ajikaze, na mzee anayekwenda kupigwa picha huvaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, akakaa mikono juu ya magoti kama anayengoja kuapishwa. Zitazame picha za kale za studio zetu, mathalani za Capital Art Studio ya Unguja aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, uone jinsi watu walivyojisetiri ndani yake. Hutajua kamwe ni yupi aliyekuwa na deni na ni yupi aliyeachwa juzi. Silidharau jibu hilo, maana limewaokoa wengi na fedheha; nasema tu kwamba limekuja upesi mno.

Pingamizi la kwamba taswira yenyewe ni haramu sitalikalia sana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika risala ya kuzihalalisha picha za kamera, na hoja yake ni kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali hukizuia kivuli ambacho Mungu amekwisha kukiumba, mfano wa kioo kinachoshika sura ya anayekitazama. Wako wasiomkubali hata leo, na wana dalili zao. Walakini hata tukimkubali, hoja yake yatuzidishia mzigo: ikiwa picha ni kivuli changu hasa, wala si kazi ya kalamu ya mchoraji, basi anayejipiga picha katika huzuni ameutoa mwili wake wenyewe uwe shahidi, na shahidi huulizwa amekuja kwa ajili ya nani na dhidi ya nani.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kujitoa hivyo ni Mfaransa Hippolyte Bayard. Mwaka 1839 serikali ya Ufaransa ilimpa Louis Daguerre malipo ya maisha kwa uvumbuzi wake wa picha, na Bayard, aliyekuwa amebuni njia yake mwenyewe ya kutoa picha juu ya karatasi, akajiona amepitwa. Mwaka uliofuata alijipiga picha akiwa maiti wa majini: kifua wazi, shuka imemfunika kutoka kiunoni, kichwa kimelalia upande, macho yamefumbwa, na kando yake kofia pana ya nyasi kama ya mtu aliyetoka kutembea. Zama zile picha ilimtaka mtu atulie dakika nyingi, kwa hiyo marehemu huyo aliye hai ilimlazimu kujizuia asitikisike, akikaa ndani ya umauti wake wa kubuni kwa muda wa kutosha kuufikiri. Nyuma ya karatasi aliandika kwa kejeli kwamba maskini huyu amejitosa kwa sababu serikali, iliyomkirimu Daguerre kupita kiasi, haikuweza kumfanyia yeye kitu. Akatia na mzaha juu ya uso na mikono ya maiti iliyokwisha anza kuoza, ambayo yaelekea ilikuwa imeungua jua tu.

Zingatia sasa pande mbili za karatasi ile moja. Nyuma mna jina la aliyependelewa, mna serikali iliyodhulumu, mna kinyongo. Hayo ni mashitaka kamili, na kama ni ya haki au si ya haki ndiyo kazi ya kadhi. Mbele hamna jina la mtu. Mna mwili uliochoka na macho yaliyokataa kututazama, na mtu asiyejua Kifaransa wala habari za Daguerre atafahamu kwamba hapa pana aliyevunjika moyo, lakini hatafahamu ni nani aliyemvunja. Nadhani humo ndimo mlimo ufunguo wa swali letu. Sitara tuliyofundishwa hulinda habari: nani alifanya nini, wapi, na nani alisikia. Haikukusudiwa kuuficha uchungu wenyewe, ambao hata Nabii Yaakub hakuweza kuuficha machoni mwake.

Aliyenionyesha jambo hili waziwazi zaidi kuliko Bayard ni Samuel Fosso, aliyezaliwa Cameroon mwaka 1962, akakulia kwa jamaa zake wa Kiigbo huko Nigeria, akaonja vita vya Biafra utotoni na kumpoteza mama yake, kisha akapelekwa Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake mwenyewe. Mchana aliwapiga picha wateja. Jioni, mlango ukishafungwa na filamu ikabakiwa na nafasi chache ambazo ni israfu kuzitupa, alijipiga mwenyewe, amevaa suruali pana miguuni, viatu vya visigino virefu na miwani ya jua, akisimama kwa madaha katikati ya mapazia na taa zake. Baadhi ya picha hizo alimpelekea bibi yake Nigeria, apate kujua kwamba mjukuu yu hai na hajambo. Barua ya namna hiyo hakuna mtu wa pwani asiyeielewa: ndiyo ile ya “sisi huku wazima” iandikwayo na mtu ambaye hajala tangu jana. Picha hapo ilikuwa sitara, tena sitara ya huruma, kwani kijana yatima alikuwa akiusetiri moyo wa bibi kizee kuliko wake mwenyewe.

Sifa zilimfikia baadaye, baada ya maonyesho ya picha ya Bamako mwaka 1994. Ningetazamia kwamba mtu aliyesifiwa kwa madaha angeendelea na madaha. Kumbe mwaka 2000 alitoa mfululizo alioupa jina la Kifaransa Mémoire d'un ami, yaani kumbukumbu ya rafiki, kwa ajili ya jirani yake aliyeuawa Bangui mwaka 1997 na watu wenye silaha. Viatu virefu vimeondoka, mapazia yameondoka. Mna chumba, giza, kitanda na mtu aliyekosa usingizi. Wauaji hawamo, wala maiti hamo. Kisha mwaka 2014, katika machafuko ya nchi ile, nyumba yake iliporwa na filamu zake zikatupwa njiani, zikaokotwa na waandishi wa habari. Na mwaka uliofuata alijipiga picha 666, mabega wazi, pazia la nyuma halibadiliki, hapana vazi wala kiti wala kitu cha mkononi, uso peke yake ukicheka, ukikunjamana, ukilia. Aliziita SIXSIXSIX, kwa hesabu ambayo wasomaji wa Ufunuo wa Yohana huijua kuwa ya nuhusi. Ukizitazama mbili tatu huoni tofauti. Ukiendelea, jicho lako lajifunza, ukaanza kuona shavu moja limeinuka kidogo, ukingo wa jicho umelowa, mdomo umebanwa na mtu asiyetaka kusema. Na hata ukizimaliza zote hujaambiwa ni nani aliyeivunja nyumba.

Atauliza mwenye kuuliza: maadamu Mungu ayajua yaliyomo vifuani, na watu hawaambiwi habari, picha hiyo ina faida gani? Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alijiuliza karibu neno hilohilo katika kitabu chake cha Maungamo, alichokiandika mwishoni mwa karne ya 4: kwa nini kumweleza Mungu asiyefichwa kitu, na kwa nini wanadamu wayasikie ilhali hawawezi kumponya? Jibu lake laelekea upande wa mapenzi na wa jamaa ya waumini, yaani wasikilizaji wafurahi na wahuzunike pamoja naye. Mimi naona pana na jingine lililo chini zaidi: mwenye simanzi hujiona mara nyingi kama hayupo, na akijipiga picha humlazimu kwanza akae mahali, pale kwenye mwanga, amngoje mtu huyo aliyekuwa akimkimbia.

Hatari iliyo kubwa iko kwetu watazamaji. Francesca Woodman, Mmarekani aliyejipiga picha katika vyumba vibovu vya Providence, mwili wake ukififia kama ukungu kwa sababu alisogea wakati kamera ingali wazi, alijiua mwaka 1981, umri wake miaka 22; na tangu hapo wengi huzisoma picha zake kinyumenyume, wakianzia mautini, kana kwamba kila ukungu ulikuwa tangazo. Wazazi wake, wote wawili wasanii, walilipinga hilo, wakakumbusha kwamba binti yao alikuwa pia mcheshi na mwenye bidii ya kazi. Wanazuoni wetu wana neno la kukataza kupekua aibu za watu, nami nalipeleka katazo hilo mpaka kwenye picha. Aliyenionyesha uso hakunipa ruhusa ya kumtungia kisa.

Riya nayo ipo, sikatai. Yuko anayelia kwa ajili ya kamera na kuhesabu sifa kabla machozi hayajakauka. Lakini nia ni jambo la mwenyewe na Mola wake, na kwa kuutazama uso peke yake sijui njia ya kumtenga huyo na aliaye kwa huzuni ya kweli. Kwa hiyo mpwa wangu akininyoshea simu yake yenye picha ya namna hiyo, aliyojipiga chumbani usiku, simwulizi nani kamfanya nini. Namwambia aketi, nikamwagizia chai, akitaka kusema atasema.