Ndege Ilifika Salama: Kosa Li Wapi?

Tarehe 8 Machi 1990, huko Marekani, marubani watatu waliokunywa pombe nyingi usiku uliotangulia walirusha ndege ya abiria toka Fargo hata Minneapolis. Ikatua salama. Nao wakakamatwa, wakahukumiwa kifungo.

Je, wamekosa nini, maana hakuna aliyeumia? Sheria ya huko yamkataza rubani kurusha ndege kabla saa 8 hazijapita tangu anywe. Hata zikipita, asirushe akiwa angali amelewa. Abiria waliweka uhai wao mikononi mwake, wala hawakuulizwa kama waikubali hatari ile. Achezeaye amana ya mtu amekosa tangu alipoichezea, si mpaka ivunjike. Mpiga kasia naye afikiri hayo kabla ya kushika kasia.