Je, jina humfanya mtu?

Jirani na sisi hapa Thamesmead yapo magofu ya Lesnes Abbey. Nyumba hiyo ya watawa ilianzishwa mwaka 1178 na Richard de Luci, jaji mkuu wa mfalme, kwa heshima ya Maria na Thomas Becket, ambaye zamani alimtenga Richard huyo na Kanisa. Becket aliuawa Canterbury mwaka 1170. Kati ya wauaji alikuwemo Richard le Breton. Mtawa Richard wa Devizes akaandika habari za Mfalme Richard wa Kwanza.

Jina moja, mienendo mbalimbali. Nasi huwapa watoto wetu majina ya babu na bibi. Basi tusiishie kwenye jina. Tuwasimulie pia wazee hao waliishi vipi, wapate kuchagua mema.