Chujio la Elimu: Ni Nani Amsomeshaye Mtoto Wako kwa Video?

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wa Lamu, Mombasa na miji yote ya mwambao, leo twapenda kuzungumza nanyi khabari za Sangailu. Ni wadi ya Ijara, Kaunti ya Garissa, si mbali na msitu wa Boni wala mpaka wa Somalia. Watu wake wengi ni wafugaji, na mtoto wao ana haki ya elimu kama mtoto wa Mkunguni au wa Mji wa Kale.

Haifichiki kwamba haki hiyo imepata misukosuko. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyohiyo ya Garissa. Kisha Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi waliotoka kaunti nyingine, na skuli nyingi za pande zile zikabaki na watoto bila ya walimu. Haukupita muda mrefu, skuli za Kenya nzima zikafungwa kwa maradhi ya korona, na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, yaani KICD, ikawa yapeleka masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa intaneti. Tangu hapo, pahala pasipo mwalimu, video imekuwa mwalimu.

Na watu, kama ada yao, wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lasema: hii ni fitina, ifungwe kabisa. La pili humpa mtoto simu na bando, likaenda zake sokoni. Sisi twaona kuwa yote mawili yamekosea njia. La kwanza lamnyima mtoto elimu, na kutafuta elimu ni faradhi. La pili lamkabidhi mtoto kwa mtu lisiyemjua, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Tusidhani kwamba kuna mtu aliyekwisha kutuchungia. YouTube mwaka 2019 ilikuwa ikipokea video za zaidi ya saa 500 katika kila dakika moja. Hapana mwanadamu awezaye kuzitazama zote kabla hazijatoka. Kwa hivyo mashine ndiyo ichujayo mwanzo, na mara nyingi ubaya huondolewa baada ya kuonekana. KICD yafanya kinyume chake: hukagua kitabu au somo kwanza, ndipo huliidhinisha. Nayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu hugawa filamu kwa umri, ikaeleza zipi ni za watu wote, zipi zahitaji uangalizi wa mzazi, na zipi ni za waliotimiza miaka 16 au 18. Hayo ni mema, lakini hayamtoshi mzee wa Sangailu, kwa sababu mashine hizo zafahamu lugha kubwa kuliko Kisomali na Kiboni. Na wapo wauaji wanaowatafuta vijana kwa video hizihizi, wakivaa kanzu ya dini. Aliyesahau na akumbuke Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, walipouawa watu 148.

Basi tufanyeje? Waislamu si wageni wa kazi ya kuchuja. Qurani, katika Sura ya Hujurat, imetuamrisha kuichunguza khabari aletayo fasiki kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Wanazuoni wa Hadithi, kama Imamu Bukhari na Imamu Muslim, hawakuikubali kauli mpaka wamjue msemaji, na aliyemsikia, na kwamba silsila haikukatika. Na Ibn Sirin alionya kuwa mwenye kuchukua elimu ya dini atazame kwanza aichukua kwa nani.

Kwa mizani hiyo twazishauri madrasa na skuli ziweke kanuni hizi:

Kwanza, msemaji ajulikane: jina lake, alikosoma, na taasisi inayomdhamini. Video isiyo na mwenyewe isisomeshwe.

Pili, itazamwe yote, tangu mwanzo hata mwisho. Kipande cha dakika moja kilichokatwa katika darsa ya saa nzima ni kama hadithi iliyokatwa silsila.

Tatu, masomo yaliyokubaliwa yapakuliwe na kuwekwa katika kishikwambi, ili mtoto asome bila ya intaneti. Hatari kubwa haimo katika somo lililochaguliwa. Imo katika lile linalokuja lenyewe baada yake.

Nne, wachujaji wawe wengi: mwalimu wa skuli, mwalimu wa madrasa, na akina mama, na awepo ajuaye lugha ya video. Hukumu yao iandikwe pamoja na sababu yake, na mzazi asiyeridhika awe na pa kupeleka shauri.

Tano, sura ya mtoto isirikodiwe wala kusambazwa bila ya idhini ya mzazi wake; Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo yataka hivyo.

Sasa twasema neno ambalo huenda likawachukiza baadhi ya watu. Chujio hutoa makapi; halimwagi unga. Mwenye kufuta somo la baiolojia kwa kuwa lina picha ya mwili, au kumzuia sheikh kwa kuwa si wa madhehebu yake, au kuwaachia wavulana hesabu na kuwafungia wasichana, huyo hakuchuja bali ameficha elimu, na kuficha elimu ni dhambi. Taasubi haigeuki kuwa uchaji kwa kupewa jina la ulinzi. Tena kijana aliyenyimwa jawabu mbele ya wazee wake atalitafuta gizani, na huko ndiko mwindaji alikokaa.

Nanyi watu wa mwambao msiseme haya ni ya Garissa. Simu ya Sangailu na simu ya Lamu hufungua mlango mmoja. Usiku wa leo kila mzazi na akae na mwanawe, amuulize: mwalimu wako wa leo ni nani, na amekufunza nini? Asiyeweza kujibiwa na ajue kuwa kazi yake haijaanza.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na watoto wetu, na atupe elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi taufiq.